Randa Ndogo Kuliko Ukucha

Kuna fundi wa vyuma aliyehamia jirani na nyumba ninayoishi sasa, upande huu wa ziwa. Kelele zake hazinisumbui. Kinachonisumbua ni siku anapopasha patasi hadi iwe nyekundu, kisha akaizima ndani ya kopo la mawese. Harufu ile ya chuma na mafuta ikiingia dirishani huwa naacha chochote nilichoshika, hata kama ni mwiko na ugali uko motoni. Mkwe wangu anadhani ni kifua. Namwacha adhani hivyo. Nyinyi wa rika langu, mliokulia kule Fizi wakati kila nyumba ilikuwa na shamba lake la pamba la lazima, pengine mtanielewa, kwa sababu mnajua jinsi mambo ya nyumbani yalivyokuwa hayasemwi.

Baba yangu, Asukulu, alikuwa fundi wa mbao. Tuliishi Fizi juu, mlimani, ambako asubuhi ukungu huingia hadi jikoni, na alifanya kazi kwenye ateliye ya misheni, karakana ndefu ya matofali nyuma ya shule. Alikuwa mkubwa wa mafundi tisa waliotengeneza madawati, milango na majeneza. Juu yao alikuwepo mtawa mmoja mzungu, mzee, ambaye sote tulimwita Fere. Mimi nilikuwa mtoto pekee aliyebaki nyumbani. Kaka zangu wawili walikufa kwa surua, wakifuatana, kabla sijajua kusema. Majina yao hayakutajwa kamwe, lakini niliamini kwamba kila baba aliponitazama aliona kwanza mahali ambapo wao walipaswa kuwa wamesimama.

Nilipokuwa mdogo zaidi nilipenda kumtazama akikagua kazi. Aliinua ubao hadi usawa wa uso, akafumba jicho moja, na lile jingine akalipitisha juu ya ukingo taratibu, kama mtu anayefuata mstari wa siafu. Ubao ukiwa umenyooka alitoa sauti ndogo ya puani, na fundi aliyeuranda alirudi mahali pake akitembea kama mtu aliyelishwa vizuri. Mimi nilitamani jambo moja tu maishani: kwamba siku moja baba ainue kitu changu hivyo, afumbe jicho moja na kukitazama.

Nilikuwa na umri wa kama miaka tisa Fere alipotangaza kwamba anarudi kwao kupumzika. Aliomba mafundi wamtengenezee ateliye ndogo ya kwenda nayo, ili awaonyeshe ndugu zake mahali alipomaliza ujana wake. Kila kitu kiwe sehemu moja ya kumi ya kile cha kweli: paa, milango, meza za kazi, hadi vifaa vilivyotundikwa ukutani. Mafundi walijenga nyumba na meza. Vifaa, kumi na viwili kwa idadi, baba alisema atavifanya mwenyewe nyumbani kwa utulivu. Jioni ile aliniita uani, akaketi kwenye gogo, akaniambia maneno ambayo nimeyakumbuka maisha yangu yote.

"Mikono yangu ni mikubwa kwa hii kazi, Feza. Yako iko midogo. Mi nitasema, we utafanya."

Furaha ilininyima usingizi. Sikujiuliza kwa nini mtu ambaye aliwahi kuchonga meno ya kitana sasa aone mikono yake kuwa mikubwa. Mambo mengi sikujiuliza mwaka ule. Baba alikuwa ameanza kunitaka nimsindikize kazini, na njiani aliweka mkono begani mwangu, mzito na wa joto, hadi tulipofika mlango wa ateliye. Nilidhani ni upendo uliochelewa kuja. Jioni alinipa futi yake ya mbao na kunitaka nimsomee tarakimu, tena na tena. Nilidhani ananifundisha. Mara moja alipita mbele ya bibi yake mzaa mama, aliyekuja kutoka Lweba kututembelea, bila kumsalimu, na bibi akakasirika. Nilidhani wamegombana.

Basi tukaanza. Kila jioni, jua likiwa bado liko juu ya vilima, niliwasha jiko la mbabula uani na kupuliza mkaa. Nyundo ilikuwa ya kwanza. Baba alinielekeza nikate kichwa cha msumari mnene, nikipashe, nikigonge juu ya shoka kuukuu tuliloligeuza kuwa fuawe, kisha nikizime ndani ya mawese ili chuma kiwe kigumu bila kupasuka. Tundu la mpini lilinishinda siku nne. Mpini nilichonga kwa mti wa mpera, kwa sababu mbao zake zimeshikana na hazichaniki hata zikiwa nyembamba kama njiti. Koleo nilitengeneza kwa misumari miwili iliyobanwa bapa na kuunganishwa kwa kipande cha pini. Keekee ilikuwa spoki ya baiskeli iliyopindwa mara nne kwenye moto. Nilijichoma vidole, na mama alivipaka asali. Mama aliongea kidogo sana mwaka ule.

Ili nisikosee vipimo, baba alinipa kijiti alichokitia alama kwa ncha ya kisu, alama kumi na mbili, kila moja urefu wa kifaa kimoja. Alikuwa amevipima vile vya kweli kwa viganja vyake. Kazi yangu ilikuwa kuweka kifaa juu ya kijiti na kusema kama kimefika alama. Nikisema kimefika, alinyoosha mkono nikampa. Alikigeuza kati ya vidole, akatikisa kichwa, kwa sababu ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekuwa ngumu kama kwato kwa miaka ya kushika tezo. Kisha alikitia mdomoni. Alikiweka juu ya ulimi, akafunga mdomo, akageuza uso kuelekea mlangoni, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Baadaye alikitoa na kusema, "Upande wa kushoto iko na nundu. Piga tupa tena." Au alisema tu, "Iko sawa. Fanya ingine."

Niliamini kuwa hivyo ndivyo mafundi wakubwa wanavyokagua chuma, kwamba chuma kina ladha yake. Hata mimi nilianza kulamba misumari. Lakini nilichokuwa nikikingojea hakikuja. Hakuinua nyundo yangu usawa wa uso. Hakufumba jicho. Kila nilipompa kifaa aligeuza uso pembeni, na mimi, nikiwa nimepiga magoti mbele yake nikinuka moshi, nilielewa kwa akili yangu ya miaka tisa kwamba kazi yangu haistahili kutazamwa. Angekuwa ameketi hapa mmoja wa wale wavulana wawili, nilijiambia, angeitazama.

Tulipofika kifaa cha sita nilimpelekea baba chakula ateliye na kukuta mafundi wamemzunguka Fere. Alikuwa amefungua saa yake ya mfukoni kuisafisha. Ndani kulikuwa na magurudumu membamba kuliko mbegu za mchicha, yakizunguka. Mafundi wazima, watu wenye ndevu, walikuwa kimya kama kanisani, na mmoja akanong'ona kwamba aliyefanya kitu kidogo hivyo hana mwenzake duniani. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeelewa. Kumbe kosa langu lilikuwa ukubwa. Vitu vyangu vilikuwa vikubwa mno kumstaajabisha mtu. Kikiwa kidogo sana, nilifikiri, hata baba atalazimika kukitazama.

Kifaa cha saba kilikuwa randa, ambayo kwetu tuliiita rabo. Kwenye kijiti alama yake ilikuwa ndefu kama kiungo cha kidole. Nilifanya ndogo kuliko ukucha wangu wa kidole cha mwisho. Nilichonga mwili wake kwa mpera, nikatoboa mdomo kwa ncha ya sindano yenye moto, nikatia kipande cha wembe na kabari nyembamba kama ganda la kitunguu. Na ilifanya kazi. Niliipitisha juu ya kipande cha sabuni ikatoa unyoya mmoja mrefu wa kujikunja. Nimefanya mambo mengi tangu hapo, nimezaa watoto saba, lakini sijawahi tena kufanya kitu kamili namna ile.

Baba aliipokea. Aliitafuta kwenye kiganja chake mwenyewe, karibu aidondoshe. Aliitia mdomoni, akageuka mlangoni, na mara hii alikaa muda mrefu kuliko siku zote.

"Ulipima kwa kijiti?" aliuliza.

"Nilipima, baba."

"Imefika alama?"

"Imefika."

Kisha akasema polepole, kama anayesema na mtu mwingine, "Basi, ulimi wangu njo unazeeka."

Nilikuwa na hasira kwa sababu hakuitazama. Kwa hasira hiyo nikafanya vitano vilivyobaki kwa kipimo hicho hicho cha ubishi, kila kimoja kidogo kuliko kilichotangulia. Wa mwisho ulikuwa msumeno, kipande cha wembe nilichokitia meno kwa kona ya tupa hadi macho yangu yakatoka machozi. Baba aliutia mdomoni na kuutoa una damu. Alifuta damu kwa shati, akaniuliza tena kama nimepima, nikajibu tena kuwa nimepima. Alivifunga vyote kumi na viwili ndani ya kitambaa. Alinishukuru. Alisema Fere atafurahi.

Siku ya kumuaga Fere ilikuwa Jumamosi asubuhi, na mvua ilikuwa imekatika. Baba alitangulia ateliye peke yake, akavipanga vifaa ndani ya ile nyumba ndogo kwa kupapasa, vingine ukutani, vingine juu ya meza, na hakumruhusu fundi yeyote kumsaidia. Nilikuja baadaye na mama, nikasimama mlangoni mbele ya wanawake. Paa la ile nyumba lilikuwa linafunguka kama kifuniko. Fere alilifungua akitabasamu, akainama kutazama, na tabasamu likabaki usoni pake kwa muda baada ya yeye mwenyewe kuwa ameliacha.

Nami nikaona kutoka pale mlangoni. Nyundo ilikuwa ndefu kuliko msumeno. Koleo lingeweza kuibana randa na kuificha yote. Nusu ya ukuta ilikuwa ateliye ya watu, na nusu nyingine ilikuwa ya wadudu. Hakuna mwenye macho ambaye angeweza kuvipanga vile pamoja na kuviacha. Mafundi walitazama chini. Niligundua baadaye kwamba kwa miezi mingi walikuwa wakimchorea baba mistari kwa siri na kumnong'oneza namba, kila mmoja akidhani anaficha kidogo tu.

Fere aliichukua randa kwa ncha za vidole na kuiweka kwenye kiganja cha baba. Alimuuliza kwa sauti ya chini, "Asukulu, hii ni nini?"

Mbele ya watu wote hao baba hakuweza kuitia mdomoni. Aliikunja ndani ya vidole vyake vigumu, akaikunjua, akainua uso na kutabasamu kuelekea mahali ambapo Fere hakuwepo tena, kwa kuwa alikuwa amesogea hatua moja pembeni.

"Hii njo nyundo, Fere," alisema.

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mzaha. Hakuna aliyemfuata. Fere alipunga mkono mbele ya macho ya baba, mara moja, mara mbili, na baba akaendelea kutabasamu. Wakati huo mama alinishika mkono kwa nguvu hadi nikaumia. Fere akauliza, "Toka lini?" Baba akashusha uso. Alijibu kwamba ni toka mavuno ya pamba ya mwaka uliopita. Kwamba ilianza pembeni, kama mlango unaofungwa polepole, na sasa umebaki mwanga tu bila vitu.

Mimi bado sikuelewa. Nilidhani baba amekosea kwa sababu ya aibu, kwamba kazi yangu imemwaibisha hadi akachanganya randa na nyundo. Ilikuwa njiani, tukirudi, mama akiwa amemshika mkono waziwazi kwa mara ya kwanza, akimwambia hapa kuna jiwe, hapa kuna shimo, ndipo mambo yote yakanijia kwa pamoja: mkono begani, futi, bibi wa Lweba, ulimi. Nilisimama katikati ya njia. Hawakujua kwamba nimesimama, wakaendelea mbele bila mimi.

Fere hakuwa mtu mbaya. Alimpeleka baba kwa daktari huko Uvira, na daktari alimmulika kwa taa na kusema ingekuwa mapema angejaribu. Lakini Fere hakuweza kumwacha mtu asiyeona awe juu ya misumeno na mashoka, na yule anayekuja kuchukua nafasi yake asingekubali. Siku ya kuondoka kwake alikuja nyumbani kwetu, akanipa kiberiti kilichokuwa na vile vifaa sita vidogo. Alikuwa amejua ni mkono wa nani. Aliniambia kwamba hajaona kazi nzuri kama ile tangu azaliwe. Alikuwa ameviinua karibu na miwani yake, kimoja kimoja, na kufumba jicho.

Tulihama. Bila kazi ya ateliye hatukuwa na haki ya ile nyumba ya misheni, na ndugu wa mama walikuwa Baraka, mji ulio chini kando ya ziwa. Tulishuka ndani ya lori la pamba, baba ameketi juu ya magunia akigeuza uso kila upepo ulipobadilika. Kwenye kona moja ya mlima nilikitupa kile kiberiti bondeni. Hakikutoa hata sauti.

Baraka ilimuua baba polepole. Alikuwa mtu wa mlima, aliyezijua njia za Fizi kwa nyayo, lakini pale chini mchanga haukumwambia chochote. Alisikia ziwa pande zote na hakujua liko wapi. Wajomba walimpa kazi ya kusokota kamba za nyavu, na aliifanya, ameketi nyuma ya nyumba kati ya majamvi ya ndakala, dagaa zetu, zilizoanikwa, nzi wakimtembea usoni. Aliomba tezo yake mara nyingi. Mwisho mama alimpa, naye alijikata kiganja hadi mfupa, na baada ya hapo vifaa vyake vikaenda kwa mdogo wake huko Mboko, sanduku zima. Siku lile sanduku lilipobebwa alilishika kwa mikono miwili, akalilalia kwa kifua, na wanaume wawili wakangoja hadi alipoliachia.

Kilichonimaliza mimi hakikuwa hicho. Watu walikuja kumsalimu, kama ilivyo desturi, na kila mara waliuliza ilikuwaje. Naye kila mara alisimulia ile siku ya Fere, na kila mara aliimaliza hivi: mtoto wangu alipima vizuri, vifaa vyote vilifika alama, ni mimi niliyekosea kuweka alama kwenye kijiti kwa sababu macho yalikuwa yameshaondoka. Nilikuwa nikisikia hayo nikiwa natwanga mihogo, nikichambua majani ya sombe, nikifagia. Ningemshukuru Mungu kama baba angenipiga.

Siku moja nilimwambia mama. Tulikuwa mtoni tukitoa mihogo iliyolowekwa, na nilimwambia yote bila kumtazama, saa ya Fere, kijiti, uongo. Mama aliendelea kumenya hadi kikapu kikajaa. Alinawa mikono.

"Usimwambie," alisema. "We njo macho yake sasa. Ukimwambia, atabaki na nini?"

Sikumwambia. Nilikuwa macho yake kwa miaka iliyobaki. Aliniuliza kama mvua inakuja, kama shati lake ni safi, kama mtu anayemsalimu anatabasamu, na nilimjibu kweli kila mara, hata pale uongo ungekuwa huruma, na hakuna hata kweli moja kati ya hizo iliyofuta kitu.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake watu wa mume wangu walikuja nyumbani kuniomba. Walikuwa wazee wanne kutoka Lweba, wameketi kwenye mkeka, na wajomba zangu walinisifu kama inavyotakiwa: anajua kulima, anajua kupika. Kisha wakamwachia baba neno. Alikuwa amekonda sana, amevaa koti aliloazimwa. Alisema hana mengi, kwamba yeye ni kipofu na hawezi kuwaambia kama binti yake ni mzuri wa sura.

"Lakini huyu mutoto," alisema, "toka azaliwe, hajanidanganya hata siku moja."

Wazee wakaitikia kwa pamoja. Ilikuwa zamu yangu kuleta maji ya kunawa, na baba ndiye huanza. Nilipiga magoti mbele yake na beseni na jagi. Akanyoosha mikono yake miwili pembeni, mahali ambapo beseni halikuwepo, nami nikalisogeza hadi chini ya mikono yake, nikamimina.